Baridi Niliyoweka Akiba

Mwaka ule nyumba yetu ilikuwa baridi kwa makusudi. Kipashajoto cha chumbani nilikifunga mwanzo wa Septemba, cha jikoni nikakifunga Oktoba, na cha sebuleni nikakiacha kidogo tu, kiasi cha siagi kupakika kwenye mkate. Mimi na mwanangu Sixten tulivaa soksi za sufu mbili mbili, tukalala kitanda kimoja chini ya mablanketi yote tuliyokuwa nayo. Taa iliyowaka ilikuwa moja, ile tuliyokaa chini yake. Maji ya kuoga yalikuwa ya pamoja: yeye kwanza, mimi baada yake yakiwa vuguvugu na bata wa plastiki akielea magotini kwangu.

Sixten alikuwa na mwaka mmoja na nusu, hakujua kama nyumba za wengine zina joto. Ndivyo watoto walivyo, wanadhani dunia nzima iko kama kwa mama yao.

Sikufanya vile kwa ubahili. Jengo letu lina joto la pamoja, na kila mwenye nyumba analipa ada ile ile, afunge au afungue. Mimi nilikuwa naweka akiba ya kitu kingine. Nilitaka kumpeleka mtoto kwa bibi yake Hispania, kwa ndege, na nilitaka kwenda na moyo mweupe. Nilijiambia, tukikaa kwenye baridi vya kutosha, tukizima taa vya kutosha, basi siku moja tutakuwa tumeshailipia ile safari kabla hata haijaanza.

Mama yangu, Gunvor, alihamia kusini kwa ajili ya viungo vyake, kama wazee wengi wa huku wanavyofanya. Sixten alipozaliwa, mama alikuwa kitandani amefanyiwa upasuaji wa nyonga. Alipoinuka, yakaanza macho. Kwanza aliona mistari ya vigae vya bafuni imepinda. Kisha herufi za gazeti zikawa zinaliwa katikati kama nguo iliyoingia nondo. Daktari akamwambia kama kuna uso anaotaka kuuona, asingoje majira ya joto.

Aliponieleza hakulia. Mama si mtu wa kulia kwenye simu.

"Ylva, mwanangu," alisema, "huyo mtoto nimemwona kwenye kioo cha simu tu. Na siku hizi hata humo ananijia na ukungu badala ya uso. Mlete."

"Nitamleta, mama."

"Usiseme nitamleta kwa sauti hiyo. Hiyo ni sauti yako ya darasani, ya kumridhisha mwalimu."

Kwa treni ni siku tatu na kubadilisha mabehewa mara nisizojua ngapi, na Sixten nilishamjaribu. Safari moja tu ya kwenda Stockholm alitapika tangu Sundsvall mpaka Gävle, mpaka mzee tuliyekaa naye akahama behewa bila kusema neno. Na kazini, kwenye jiko la shule ya chekechea, ruhusa yangu ilikuwa ya wiki moja. Mama hakuweza tena kusafiri peke yake. Baba yake Sixten alikuwa Norway na maisha yake mengine. Basi ilibaki ndege.

Lakini ndiyo miaka ambayo huku kwetu kupanda ndege, kwa sababu ya moshi wake unaoipasha dunia joto, kulianza kuwa jambo la kuonea haya. Watu walirudi kutoka Thailand na ngozi imeiva, wakasema ni jua la kwenye theluji. Mimi sikuona haya kwa sababu ya watu. Kwangu ilikuwa ni Sixten. Ukishazaa, unajikuta umekabidhiwa miaka ambayo wewe mwenyewe hutakuwepo, na unaanza kuiwaza kama unavyowaza chumba ambacho mwanao atalala bila wewe. Mto wetu, Ångerman, ulikuwa umechelewa kuganda majira mawili mfululizo. Nilikuwa nasimama naye dirishani, maji meusi yanapita mwezi wa Desemba, yeye anayanyooshea kidole kwa furaha.

*

Kila Alhamisi jioni, maktaba ya mji wetu wa Sollefteå ilikuwa na kikundi cha masomo kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Nilikuwa nimezoea madarasa ya jioni, kwa sababu ndiko nilikomalizia shule. Nilikwenda na Sixten, akatambaa chini ya meza kati ya viatu vya watu. Palikuwa na kahawa, maandazi ya mdalasini, na duara. Duara ndiyo desturi yetu. Kila mtu anapewa zamu ya kusema, hakuna anayemkatiza, na akimaliza mwalimu anasema "asante" na jina lake, hata kama amesema upuuzi.

Mwalimu wetu alikuwa Torgny, aliyewahi kufundisha fizikia, mrefu, mwenye sauti ya mtu anayeomba radhi kwa kukaa mbele yako sinema. Palikuwa na Melker, kijana fundi wa baiskeli, mdomo haukai. Na palikuwa na Ragnhild.

Ragnhild alikuwa mjane wa miaka sabini na kitu, na katika kikundi kile alikuwa kama bendera. Hakuwa amepanda ndege kwa miaka kumi na zaidi, ingawa binti yake yuko Australia. Aliposema jambo hilo kwenye duara la kwanza, watu walinyamaza kama kanisani. Kitu ambacho hakuna aliyekijua pale maktaba ni kwamba mimi na Ragnhild tulikuwa majirani. Mlango kwa mlango, ghorofa ya pili. Ukuta wa chumba changu ndio ukuta wa chumba chake. Miaka mitatu tulikuwa tumeshasalimiana mara chache sana, kwa sababu huku kwetu mtu kabla hajatoka huchungulia kwanza kwenye kitundu cha mlango. Akimwona jirani kwenye ngazi, anasubiri apite. Si chuki. Ni namna ya kumwachia mwenzako hewa yake. Mara nyingi nilisimama nyuma ya mlango wangu na mtoto mkononi, koti limefungwa, tunatoka jasho, nikisikiliza Ragnhild akitafuta funguo zake. Na nilijua zamu nyingine ni yeye anayesimama upande wa pili akinisikiliza mimi nikihangaika na kigari cha mtoto.

Pale maktaba tulikaa tukitazamana na hatukutaja. Darasa likiisha alitangulia yeye, mimi nikafuata nyuma, njia ile ile, kwenye theluji ile ile. Pale kwenye kona ya duka la mikate nilipunguza mwendo ili apate muda wa kuingia, ili tusikutane mlangoni. Wiki baada ya wiki nilitembea nikikanyaga alama za viatu vyake.

*

Jioni niliyokuja kuisimulia, Torgny aliingia na mizani ya zamani ya jikoni, ile ya sinia mbili, na mfuko wa njegere kavu za manjano. Huku Alhamisi ni siku ya supu ya njegere, kwa hiyo njegere hazikumshangaza mtu.

"Punje moja ni kilo moja ya hewa ukaa," alisema. "Sinia hili tunaweka ulichookoa mwaka huu. Sinia lile tunaweka unachokitamani. Hatuhukumiani. Tunatazama tu."

"Mimi natamani nyama ya ng'ombe," alisema Melker. "Ng'ombe mzima. Na mkia wake."

Watu walicheka. Melker akapimwa, akaonekana ana hali mbaya kama tulivyodhani. Kisha Torgny akanigeukia mimi.

"Ylva, wewe unatamani nini?"

Sikuwa nimemwambia mtu. Nilisema, "Safari ya ndege kwenda Hispania. Kwa mama yangu. Mara moja tu. Nimeokoa msimu mzima kwa ajili hiyo."

"Vizuri. Umeokoa nini?"

Nikaanza kutaja, na kusema kweli nilitaja kwa fahari. Vipashajoto. Soksi. Kulala pamoja. Maji ya kuoga.

Torgny alishika njegere kiganjani, hakuziweka. "Jengo lenu linapata joto wapi?"

"Kwenye mabomba. Ya manispaa."

"Na manispaa inachoma nini?"

"Mabaki ya mbao," alijibu Ragnhild kutoka upande wa pili wa meza, bila kuinua macho kwenye ufumaji wake.

"Mabaki ya mbao," alisema Torgny, kwa upole sana. "Basi hapo hakuna kingi, mbao hizo zingeoza tu zikatoa hewa ile ile. Lakini kipo." Akaweka punje. Nilizisikia zikianguka moja moja kwenye bati. "Na nini tena?"

"Nazima taa. Nafua kwa maji baridi."

Akanitazama. "Na umeme wetu, Ylva?"

Kila mtu wa Sollefteå anajua umeme unatoka wapi. Mabwawa yako pale pale mtoni, na majira ya kuchipua ukifungua dirisha unayasikia yakinguruma. Nilijua. Nilijua kama ninavyolijua jina langu. Na bado msimu mzima nilikuwa nazima taa na kuhisi kuna bomba la moshi mahali fulani limetulia kwa sababu yangu, wakati kulikuwa na maji tu, yanapita kwenda baharini kama yanavyopita siku zote. Tulikaa gizani kwa ajili ya maji.

"Punje mbili," alisema Torgny. "Tuseme tatu."

"Na sina gari," nilisema haraka.

"Uliliuza?"

"Sijawahi kuwa nalo."

"Kwa hesabu hiyo mimi nimeokoa meli," alisema Melker.

"Melker, bwana," alisema Torgny.

"Nimenyamaza."

Hapo Ragnhild akaweka sindano zake chini. "Ngoja," alisema. "Umefunga vipashajoto tangu lini?"

"Septemba."

"Cha chumbani pia? Cha karibu na ukuta?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ni wewe!" Sauti yake ilipanda mpaka mtunza maktaba akachungulia. "Ukuta wangu umekuwa kama ubavu wa samaki tangu Septemba. Nimempigia simu msimamizi wa jengo mpaka ameacha kupokea. Amekuja fundi, amegonga mabomba, amesema ni uzee wangu. Nimefungulia vipashajoto vyangu mpaka mwisho. Nimenunua hita!"

"Nyinyi mnakaa jengo moja?" Melker aliuliza.

Wote wawili tulitazama mezani.

Torgny alikohoa. Kwa ncha ya vidole, kama mtu anayetoa unywele kwenye sahani ya mgeni, akachukua punje kadhaa kwenye sinia langu na kuzirudisha mfukoni. "Joto lako lilitoka kwake," alisema. "Samahani. Hita tutaisamehe, ni umeme wa mto."

Kisha akachukua kikombe cha kahawa, akakijaza njegere mpaka juu, akazimimina kwenye sinia la pili. Safari yangu. Lilishuka likagonga meza, na sinia langu likaruka juu na vipunje vyake, vya kutosha kijiko cha mtoto. Sixten aliposikia mlio ule alisimama akishikilia goti langu, akapiga makofi. Akanyoosha mkono, akatoa punje moja kwenye lile sinia zito na kuitia mdomoni.

"Huyo ndiye atatuokoa," alisema Melker, na watu wakacheka tena, kicheko cha huruma ambacho ni kibaya kuliko cha dhihaka. Nilimtoa Sixten njegere mdomoni kwa kidole. Ilikuwa imelowa na haijabonyea hata kidogo.

Duara lilipofika kwangu nilisema, "Asante kwa kahawa."

"Asante, Ylva," alisema Torgny.

*

Nilipotoka, Ragnhild hakuwa ametangulia. Alikuwa amesimama chini ya taa ya maktaba, kofia imemfika kwenye nyusi.

"Twende," alisema. "Tunaingia mlango mmoja. Tuache utoto."

Tulitembea. Magurudumu ya kigari yalilia kwenye theluji.

"Samahani kwa ukuta," nilisema.

"Nilidhani nakufa," alisema. "Nilisema, aha, hivi ndivyo inavyoanza, mtu anapoa upande mmoja."

Nilicheka, naye akacheka kidogo puani. Kisha nikamwuliza lile ambalo hakuna aliyewahi kumwuliza kwenye duara, kwa sababu kwenye duara hatuulizani. "Hao wa Australia. Unawaona?"

"Kwenye simu, Jumapili. Solveig ana watoto wawili. Wana adabu. Wananiita Ragnhild. Si bibi. Ragnhild, kama ninavyoitwa na karani wa benki. Naona mama yao anawasukuma waje kwenye kioo, wanasema habari za shule, wanaondoka. Sasa wana miguu mirefu, mmoja ana ndevu."

"Unajuta?"

"Jumapili tu."

Tulipita duka la mikate. Hakuna aliyepunguza mwendo.

"Wewe unadhani niende?" nilimwuliza.

"Usinitupie mimi hilo." Alisimama, akaniangalia kwa ukali. "Wale kule ndani wakinitazama wanaona mtu aliyeshinda jambo. Mimi nilichagua, na nilichagua vizuri, na ningechagua tena. Lakini hakuna aliyeniambia kwamba ukishachagua vizuri unarudi nyumbani unakuta hakuna mtu. Basi nimekwambia. Zaidi ya hapo sijui. Na fungua hivyo vipashajoto, mtoto ana mikono ya chura."

Kwenye ngazi aliingia kwake, nikaingia kwangu. Nilisikia funguo zake zikizunguka mara mbili, kama siku zote.

Nilifungua vyote, cha chumbani kwanza. Maji yalianza kugonga ndani ya mabomba. Nilimvua Sixten soksi moja, halafu ya pili, na akakaa sakafuni akiangalia vidole vyake kama wageni waliokuja bila taarifa. Mimi nikakaa naye nikiwa na koti bado. Nilikuwa nimempa mwanangu msimu mzima wa baridi na haukununua kitu. Nilidhani tumekuwa tukisogea kidogo kidogo kumwelekea bibi yake, kila jioni tuliyokaa chini ya taa moja, na kumbe tulikuwa tumekaa pale pale, wawili tu, gizani.

Nikampigia mama.

"Nakuja," nilisema. "Kwa ndege. Na sina cha kuweka upande wa pili wa mizani."

"Upande wa pili wa nini?"

Nikamweleza. Njegere, ukuta, hita ya Ragnhild, mto.

"Ylva. Umemlaza mjukuu wangu kwenye baridi msimu mzima ili uje kuniona mimi?"

"Alikuwa na soksi."

"Soksi!" Alipumua. "Ningejua ningekaa kimya juu ya macho haya."

"Kweli ungekaa kimya?"

"Wala," alisema mama. "Ningewapigia kelele vile vile. Njoo na mikate mikavu ile ya kwetu. Huku wana mikate laini tu kama mto wa kulalia."

Baada ya hapo nilikaa na simu mkononi. Sikuhisi wepesi. Lile sinia lilikuwa bado limegonga meza, na lingebaki hivyo, na Sixten ndiye angeishi nalo kuliko mimi. Nilikuwa nimeitafuta safari isiyo na uzito, na hakuna. Palikuwa na hii tu, nzito, na mama anayepotewa na nyuso. Nikakata tiketi.

*

Alhamisi iliyofuata nilisema kwenye duara kwamba nimeamua kwenda.

Melker alivunja desturi. "Sasa tulikuwa tunapima ili iweje?" alisema. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa kijana, na alitaka kujua.

Nilitafuta jibu zuri, la kusomeka, nikalikosa. "Mama yangu anapofuka," nilisema.

Nilimtazama Ragnhild, nikitumaini nini sijui. Alikuwa akihesabu vitanzi vya ufumaji wake kwa midomo, na hakuinua kichwa. Wengine walitazama vikombe. Hawakunichukia. Waliniachia hewa yangu, na hewa hiyo ilikuwa nyingi mno.

"Asante, Ylva," alisema Torgny.

Asubuhi ya safari nilichungulia kwenye kitundu cha mlango kwa mazoea. Ngazi zilikuwa tupu. Nikatoka na kigari, begi mgongoni, begi mkononi, Sixten amevaa kama mwanaanga. Mlango wa pili ukafunguka. Ragnhild alitoka na koti la kulalia, nywele zimesimama.

"Nilikuwa nimesimama hapo nyuma nakusikiliza," alisema. "Halafu nikasema, leo sisubiri." Akachukua begi la mkononi bila kuomba, akashuka nalo mbele yangu, ngazi kwa ngazi, akishikilia reli.

Chini, kwenye mlango wa nje, nilimwambia, "Nimekiacha cha chumbani wazi. Kwa ajili ya ukuta."

"Nyumba tupu? Kakifunge."

"Na wewe?"

"Nina hita," alisema Ragnhild. Kisha akainama, akamwangalia Sixten kwa muda mrefu kidogo kuliko inavyozoeleka kumwangalia mtoto wa jirani. "Haya. Basi halikungoji." Nilipofika kituoni niligeuka. Alikuwa bado nyuma ya kioo cha mlango, mikono imefumbata lile koti, na kwa mbali sikuweza kujua kama ananitazama mimi au barabara.

Ndani ya ndege Sixten alilala kifuani kwangu kabla hatujapaa. Injini zilipovuta nilizisikia kwenye mifupa. Watu walikuwa wakifungua sandwichi. Mwanamume wa kiti cha mbele alisema kwa mkewe, "Kumbuka, tukirudi tulikuwa Åre milimani, kwenye theluji," na mkewe akamwambia, "Kwa miguu hiyo nyeupe? Sawa, basi usivue suruali huko juani." Nilitamani kucheka na mtu.

*

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha jikoni karibu na dirisha, mahali penye mwanga mkali kuliko pote nyumbani kwake. Jirani yake alikuwa ametupokea kiwanjani, mama mwenyewe hakuthubutu umati. Alisimama, akanigusa mabega, akanigusa nywele, akasema nimekonda. Kisha akakaa, akanyoosha mikono.

"Nipe."

Nikamweka Sixten magotini kwake. Na mama akageuza uso wake, akatazama jokofu.

Nilishtuka. Nilidhani amekasirika, au amelemewa. Sixten naye alishangaa. Ni mtoto aliyezoea kutazamwa, sina mwingine wa kumtazama. Alijivuta, akainamisha kichwa mpaka akawa mbele ya macho ya bibi yake kabisa, akatabasamu.

"Amekwenda wapi?" aliuliza mama.

"Yuko mbele yako."

"Hapo mbele ndipo pasipo na kitu. Mlete pembeni. Karibu na sikio. Pembeni bado naona."

Nikapiga magoti, nikamshika Sixten kiunoni na kumsogeza upande. Mama alitazama jokofu na kumwona mjukuu wake. Niliona kwenye mdomo wake wakati alipompata. Lakini Sixten hakutaka kukaa pale. Bibi alikuwa na macho, na macho yalikuwa upande ule, kwa hiyo alijinyonga mikononi mwangu akayafuata, akapotea tena. Nikamrudisha. Akayafuata tena. Tulikwenda hivyo alasiri nzima, yeye akikimbilia mahali asipoonekana, mimi nikimvuta.

"Ana pua ya marehemu baba yako, maskini," alisema mama. "Na hapa kwenye nyusi ana kovu. Hukuniambia."

"Ni la tetekuwanga. Ni dogo sana."

"Kwenye simu halikuwepo."

Alilipapasa kwa ncha ya kidole, shingo imegeuka, macho yake yakiwa kwenye mlango mweupe wa jokofu ambako hakukuwa na kitu. Mikono yangu ilikuwa imeanza kuchoka na Sixten alikuwa anapiga mateke, anataka kwenda mbele. Nilitaka kumwachia.

"Bado," alisema mama. "Mshike hapo hapo. Sijamaliza."